Watu wa Dar Wanaringa? Tuwatendee Haki, Kisha Tuambiane Ukweli



Katika seminari kuu yoyote ya nchi hii, ambako vijana hukusanyika kutoka majimbo mbalimbali, frateri anayetoka Dar es Salaam hujulikana kabla hajajitambulisha. Huitwa "mtoto wa mjini". Akichelewa kufika shambani, wenzake husema hajazoea jembe. Akivaa shati lililonyooshwa vizuri, ni maringo. Akinyamaza, anajisikia, akiongea sana, ni ujanja wa mjini. Parokiani nako ni hivyo hivyo. Mgeni aliyetoka Sumbawanga, Kahama au Ngara akikaa miezi mitatu Tandika au Sinza, habari anazopeleka nyumbani ni hizi: watu wa huku hawasalimii, hawamjui jirani, na kabla hujafungua kinywa wameshakukagua kuanzia viatuni.

Hii ni shutuma nzito. Kwetu Wakristo kiburi si kasoro ndogo ya tabia. Mapokeo ya Kanisa yanakihesabu kati ya mizizi ya dhambi. Kumwambia mtu "unaringa" ni kumwambia ana ugonjwa wa roho. Basi tusiitupe shutuma hii hewani kama utani wa bwaloni. Tuichunguze. Anayeshutumiwa ni nani hasa? Ushahidi ni upi? Na anayeshutumu, mikono yake ni safi?

Mtu wa Dar ni nani?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328, ingawa Kigamboni na Ubungo zilikwishamegwa kutoka wilaya hizo. Sasa rudi nyuma hadi sensa ya mwaka 1967: mji huu haukufikisha watu 300,000. Hata ukikumbuka kwamba mipaka imepanuka, huwezi kupata ongezeko la zaidi ya mara 17 ndani ya miaka 55 kwa uzazi wa wenyeji tu. Watu walikuja. Walikuja kutoka Kilimanjaro, Kagera, Ruvuma, Mtwara, Lindi, Morogoro, Tanga, Mwanza na Dodoma. Wakapanga chumba Manzese, wakanunua kiwanja Mbagala kulikokuwa na mikorosho, wakajenga Tegeta na Bunju palipokuwa pori.

Kwa hiyo tunaposema "watu wa Dar wanaringa", hatuzungumzii kabila geni lililoshuka kutoka mbinguni. Tunamzungumzia shangazi yetu, kaka yetu mkubwa, na mtoto wa jirani yetu aliyepanda basi miaka kumi iliyopita akiwa na begi moja. Mtu wa Dar ni mtu wa Songea, wa Rombo au wa Muleba aliyekaa mjini muda mrefu kidogo.

Kama kuna mwenye haki ya kutamba kwamba mji ni wake, huyo ni Mzaramo au Mshomvi, ambaye wazee wake walikuwa wakivua samaki na kulima Mzizima kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga hapa katika miaka ya 1860. Lakini hebu tazama: Mzaramo siye anayelalamikiwa kwa maringo. Yeye ndiye anayechekwa nyumbani kwake mwenyewe. Wanamwita mvivu, mpenda ngoma, mtu aliyeuza kiwanja cha baba yake akabaki kutazama ghorofa za wengine. Anayemcheka yeye na kumcheka mgeni wa leo mara nyingi ni yule yule: mgeni wa juzi.

Hapa tunapata jambo la kwanza la kuweka akilini. Maringo ya mjini, pale yalipo, si ya wenyeji. Ni ya wageni wanaoogopa kugundulika kuwa ni wageni.

Na sisi Wakatoliki tuna sababu ya pekee ya kulikumbuka hilo. Askofu mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam, Mhashamu Edgar Maranta, alikuwa Mkapuchini kutoka Uswisi. Akafuata Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, aliyehamishwa kutoka Bukoba mwaka 1968. Mwaka 1992 akapokea Mwadhama Polycarp Kardinali Pengo, mzaliwa wa Rukwa, ambaye kabla ya kuja mjini alikuwa askofu kule kusini. Mwaka 2019 akapokea Mhashamu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, mzaliwa wa Kilimanjaro. Wote wanne ni "wa kuja". Kama kuja ni aibu, basi kiti cha askofu mkuu wa jiji hili kimekaliwa na wenye aibu tangu siku ya kwanza.

Yanayofanana na maringo lakini siyo

Tuwatendee haki watu wa mjini. Mengi tunayoyaita maringo yana jina jingine.

Mfikirie mama wa Mbagala anayekaanga samaki. Anaamka saa 10 alfajiri ili awahi mnada wa Feri, arudi na ndoo kwenye daladala kabla jua halijapanda, akaange, auze mpaka jioni, apike, alale, aamke tena. Ukikutana naye kituoni ukamsalimu kwa ile salamu ya kwenu, inayouliza habari za nyumbani, za shambani, za ng'ombe na za wajukuu, atakujibu "nzuri" huku akitazama kama gari linakuja. Umeona dharau. Yeye ameona gari. Kijijini unakutana na watu thelathini kwa siku na wote unawajua. Kutoka Rangi Tatu hadi Kariakoo unapishana na maelfu. Mwenye kuwasalimu wote vizuri hatafika.

Kuna na hofu. Huu ni mji ambao kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa mtu asiyemjua ukimwambia "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu aliyekwisha kuibiwa akiwa anamwelekeza mgeni njia, au aliyemkaribisha asiyemjua akaamka televisheni haipo, hujifunza kuweka uso mkavu. Uso ule si wa majivuno. Ni mlango uliofungwa na mtu aliyekwisha kuumizwa.

Lakini ingia ndani ya daladala lililojaa, uone. Aliyeketi anampokea begi aliyesimama, hawajuani. Mama mwenye mtoto akikosa siti, mtoto anapakatwa na mtu wa kwanza aliyenyoosha mikono. Nauli inatoka kwa abiria wa nyuma, inapita mikononi mwa watu sita hadi kwa kondakta, na chenji inarudi njia hiyo hiyo bila shilingi kupungua. Hakuna anayeshukuriwa sana, wala hakuna anayetegemea kushukuriwa. Je, hao ni watu wasiojali?

Au tazama siku za msiba mkubwa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 yakawa yale yale Gongo la Mboto, na usiku ule maelfu wakakimbia, wazazi wakapotezana na watoto, wengi wakalala Uwanja wa Uhuru. Watu walifungua milango kwa wakimbizi wasiowajua, wakawapa watoto wa wengine uji na mahali pa kulala mpaka wazazi walipopatikana. Novemba 2024 jengo lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wa kwanza kuchimba kifusi walikuwa wachuuzi, wapagazi na wapita njia, kwa mikono yao. Hakuna aliyeuliza aliyefukiwa ametoka mkoa gani.

Hata historia ya taifa letu inashuhudia. Mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere alipoacha kufundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ili aitumikie TANU, alikuwa kijana Mkatoliki wa Butiama asiye na mshahara. Waliompokea ni wenyeji wa mji, Waislamu wa Kariakoo na Gerezani kama Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz. Walikuwa na fedha, jina na mji wao. Wangetaka kuringa, sababu walikuwa nazo. Walimfungulia nyumba.

Maringo kama kitambulisho

Basi yale maringo yenyewe, ya kweli, yametoka wapi? Maana yapo, tusijifanye hatuyaoni.

Naamini sehemu yake ni hii. Kwa miaka mingi Mwafrika aliyeingia mji huu alitakiwa athibitishe kwamba ana haki ya kuwepo. Waingereza waligawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mwaka 1944 walitunga sheria ya kuwaondoa mjini watu waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, na asiye na kazi ya kueleweka aliweza kurudishwa kwao. Uhuru ulikuja, lakini fikra hiyo haikuondoka yote. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, na watu waliokosa vitambulisho vya kazi walikamatwa barabarani na kupelekwa vijijini. Wazee wa Temeke na Magomeni wanakumbuka jinsi kijana alivyojifunza kutembea haraka, kuvaa vizuri na kushika bahasha mkononi hata kama ndani hamna kitu. Kuonekana mtu wa mjini ilikuwa ni kinga.

Sheria zile zimepita, mazoea yamebaki. Kijana wa leo hashikwi na mgambo kwa kukosa kazi, lakini bado anaonyesha kitambulisho chake kila siku: simu, viatu, lafudhi, jina la mtaa anaosema anakaa. Ukimuuliza anaishi wapi, anajibu "Mbezi", anaishia hapo, akiomba Mungu usiulize ni Mbezi Beach au ni kule ndani kwa kina Mbezi Luisi. Hajakudharau, anaogopa utamdharau.

Nasi tulioko mikoani tunachangia. Ndugu yetu akirudi Desemba bila zawadi, bila gari la kukodi, bila fedha za kununulia wazee vinywaji, tunasemaje? Tunasema mji umemshinda. Tunataka picha nzuri, na tunapompigia simu tunaongeza: tuma na ya kutolea. Anakopa ili aje kutamba mbele yetu, anarudi Januari na madeni, na sisi tunabaki tukisema watu wa Dar wana maringo. Anayelazimisha ndugu yake avae kinyago asishangae kutouona uso wake.

Mahali ambapo shutuma ni ya kweli

Nimewatetea vya kutosha. Sasa niseme mahali ambapo utetezi unaniishia.

Kuna maneno tunayoyatumia mjini ambayo hayawezi kuitwa haraka, wala hofu, wala uchovu. Mgeni akikosea kushuka kituo, tunamwita mshamba. Akiuliza bei mara mbili, tunasema amekuja mjini na mbio za mwenge. Binti anayetupikia na kutulelea watoto tunamwita "beki tatu", naye ana jina la ubatizo. Anayesema "kula" akikusudia "kura" anageuzwa kichekesho cha ofisi nzima.

Wengine watasema huo ni utani tu, na utani ni mila yetu. Hapana. Utani tunaujua. Mzaramo na Mnyamwezi wana utani tangu enzi za misafara, na utani huo una sheria. Mtani wako atakutukana harusini kwako, lakini siku ya msiba ndiye anayekuja mapema, anachekesha waliozimia kwa kilio, anashika kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi. Utani ni deni la pande mbili: mwenye kucheka huchekwa, na wote wawili huzikana. Tunachofanya mjini ni kuchukua maneno ya utani na kuacha wajibu wake. Tunamcheka binti wa kazi, lakini yeye hawezi kutucheka. Na akifiwa kwao Singida, tunakata mshahara wa siku alizokwenda kuzika. Huo si utani tena. Ni dharau iliyovaa kanzu ya mila.

Maandiko Matakatifu yanaijua dharau hii. Nathanaeli aliposikia jina Nazareti, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama mahali kama pale panaweza kutoa kitu chema. Usiku wa mateso, Petro alitambuliwa uani kwa usemi wake wa Galilaya. Lafudhi ilimsaliti kabla hajajisaliti mwenyewe. Katika kitabu cha Waamuzi watu wa Efraimu walichinjwa penye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka herufi moja. Sisi hatuchinji. Lakini kijana aliyechekwa lafudhi yake anaposhindwa kuinua mkono kusoma somo la Misa kwa miaka mitano, kuna kitu tumekiua ndani yake.

Na isionekane kwamba haya ni ya watu wadogo tu. Mtakatifu Augustino, mwana wa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, alipokuwa Italia akiwa mwalimu wa ufasaha, wenyeji walimkosoa kwa jinsi alivyotamka maneno ya Kilatini. Ameandika hivyo mwenyewe. Jiji la Milano lingeishia kwenye matamshi, Kanisa lingempoteza mwalimu wake mkubwa. Bahati njema, Askofu Ambrosi alimpokea Mwafrika yule kwa wema, na Augustino anakiri kwamba wema ule ndio uliomvuta kwanza, kabla hata ya mafundisho.

Tena dharau hii haiishii kwa wageni. Mji wenyewe umejigawa. Kuna ushuani na kuna uswahilini. Mtu wa Mikocheni anamcheka wa Tandale ambaye ni jirani yake katika wilaya hiyo hiyo ya Kinondoni. Wa Sinza anamcheka wa Temeke. Wa Temeke anamcheka wa Mbagala. Wa Mbagala anamcheka wa Chamazi. Na wa Chamazi anamsubiri mtu wa kutoka Kisarawe. Kila mmoja anatafuta wa kumsimamia juu. Ngazi ya namna hiyo haina mtu wa chini kabisa, kwa sababu kila aliye chini yuko mbioni kumtafuta mwingine.

Tatizo likiingia kanisani

Yote haya yangeweza kubaki mada ya kijiweni kama yasingeingia kanisani. Yameingia.

Mchukue kijana ambaye katekista yeyote wa Mbagala au Bunju atamtambua. Amebatizwa na kupata kipaimara kijijini kwao. Anakuja mjini, anaendesha bodaboda ya mtu, anapanga chumba kimoja. Jumapili ya kwanza anakwenda Misa. Anaambiwa ajiunge na jumuiya. Jumamosi alfajiri anakwenda, anakuta mazungumzo ni ya sare, michango ya harambee na zamu ya kukaribisha. Anapiga hesabu: zamu yake ikifika, watu ishirini watakaa wapi kwenye chumba chenye kitanda na jiko? Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Ila hakuna aliyemuuliza jina mara ya pili. Jumamosi inayofuata haendi.

Miaka minne baadaye anapata ajali. Ndugu wanakuja kutoka mkoani, wanakwenda parokiani kuomba padre. Wanaulizwa: alikuwa jumuiya gani? Kadi yake ya zaka iko wapi? Mwenyekiti anasema hamfahamu. Na kweli, hamfahamu. Mwisho wake anazikwa na majirani na madereva wenzake, Waislamu na Walokole, watu wema, huku Kanisa alilobatizwa likiwa limesimama pembeni na daftari mkononi.

Najua jibu la viongozi wa jumuiya, na si jibu la kupuuza. Wanasema: bila utaratibu, watu wataishi bila Kanisa na kutukumbuka siku ya jeneza. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, ndizo zinazotufanya familia. Asiyetaka familia hawezi kudai haki za mwana. Ni kweli kwamba wapo wakaidi, wenye muda na nafasi, wanaoidharau jumuiya kwa makusudi, na hao wanastahili kuambiwa. Lakini Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1184, inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: waliokana imani waziwazi na wazushi na wafarakano wanaojulikana, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungekuwa kwazo kwa waamini; na hata hao, kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba. Kadi haitajwi. Chumba kidogo hakitajwi. Tena kabla hatujasema "hatumfahamu", inatupasa kujibu swali linalotangulia: ilikuwa kazi ya nani kumfahamu?

Nenda sasa upande wa pili wa mji, kwenye mageti. Jumuiya inasali sebuleni, wimbo mzuri, Injili imesomwa, watu wanashirikishana. Jikoni yuko binti wa Iringa anakaanga maandazi ya wageni. Getini yuko mlinzi wa Kibondo aliyewafungulia wanajumuiya wote, mmoja mmoja. Wote wawili ni wabatizwa. Wote wawili wanasikia Neno la Mungu kupitia dirishani. Hakuna aliyewakataza kuingia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba wangeingia. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza kuhusu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti na maskini anayeambiwa asimame. Sisi tumemzidi yule wa zamani kwa jambo moja: maskini wetu hata kuambiwa asimame hajaambiwa.

Tufanyeje?

Siombi semina wala kamati. Naomba mambo manne madogo ambayo jumuiya yoyote inaweza kuyaanza wiki hii.

Kwanza, kila jumuiya iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwatafuta wapangaji wapya. Wenye nyumba tunawajua, nao wanajua nani kahamia. Amtembelee, amuulize jina, kwao ni wapi, amebatizwa wapi, na arudi mara ya pili hata kama wa kwanza hakupokewa vizuri. Barua ya utambulisho ifuate baadaye, mtu atangulie.

Pili, zamu ya kukaribisha isiwe mtihani. Mwenye chumba kimoja apokewe uwani, chini ya mwembe, kwenye turubai la jirani, na isitarajiwe hata chai. Pale tunapogeuza sala kuwa karamu, tunamfukuza maskini kwa sinia.

Tatu, wenye wafanyakazi wa nyumbani wahakikishe wana Misa ya Jumapili na nafasi ya kukaa kwenye jumuiya wakiwa wamekaa, si wakiwa wanahudumia. Maandazi yakaangwe jana, au yasikaangwe.

Nne, nasema na waseminari wenzangu. Lafudhi ya mwenzetu isiwe mchezo wetu. Siku moja tutapangiwa parokia ambako sisi ndio tutakuwa tunakosea kusalimia, na wazee wa kule watachagua kutucheka au kutufundisha. Na sisi wana wa Dar, miongoni mwao nikiwemo mimi niliyezaliwa Temeke kwa wazazi waliotoka Songea, tuache kusema "kwetu ni Dar" kwa sauti ya kufunga mlango. Mwacha asili ni mtumwa. Tena ni mtumwa mwenye kiburi, ambaye ndiye mtumwa mbaya kuliko wote.

Je, basi, watu wa Dar es Salaam wanastahili sifa yao mbaya? Jibu langu ni kwamba wengi wao hawaistahili. Mama wa Feri haistahili. Aliyepakata mtoto wa mtu kwenye daladala haistahili. Kijana wa "Mbezi" anastahili huruma zaidi kuliko lawama. Wanaoistahili ni wale waliofika wakapumzika, wakasahau chumba chao cha kwanza, na sasa wanamcheka anayetafuta cha kwake. Na wengi wa hao tumekaa mabenchi ya mbele.

Nabii Yona naye aliudharau mji. Alikaa nje, upande wa mashariki, akisubiri kuona Ninawi ikiangamia, akakasirika ulipotubu. Mungu alimwonyesha kwamba mle ndani mna watu zaidi ya 120,000 wasiojua kutofautisha mkono wao wa kulia na wa kushoto, na kwamba anawahurumia. Dar es Salaam ina mara arobaini na zaidi ya hao. Kila usiku mabasi yanashusha wengine Mbezi, wakiwa na mabegi na namba ya simu ya ndugu iliyoandikwa kwenye karatasi. Jumapili ijayo mmoja wao atakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Baada ya Misa, kabla ya kwenda kwenye gari au kituoni, geuka umwulize jina.